Mto wa uani: shajara ya mchanga, chumvi na shaba, Katuba

27 Septemba

Mfereji umesimama. Mbao mbili za mita 2.4 ubavuni, ubao wa sentimita 15 chini, shitingi ndani, na upande mmoja dirisha la kioo la nusu mita ili tuone mchanga unafanya nini gizani. Fundi aliyenikatia kioo aliuliza kama nafuga samaki. Nikamwambia huu ni mto. Akahesabu falanga zake, akaniangalia tena, akaenda.

Kwa anayeingia leo: mimi ni mwalimu wa kemia, nakaa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na mpwa wangu anayesoma chuo ndiye mikono na macho ya mradi. Swali letu ni hili. Mtu akichota chupa ya maji mtoni akaenda kuyapima, amepima mto, au amepima mgongo wake tu? Maana maji hayaishii pale mchanga unapoanza. Yanapenya katikati ya punje, yanatembea humo taratibu, yanatokea mbele. Traian Orghidan wa Romania ndiye aliyelipa eneo hilo jina mwaka 1959, akiunganisha maneno ya Kigiriki ya "chini" na "mtiririko". Kwa Kiswahili cha maabara tungesema eneo la haiporeiki. Uani kwetu tunaliita "mto wa chini", inatosha.

Lubumbashi mji wenyewe ulianza 1910 kwa ajili ya shaba. Nikipanda ukuta wa jirani naona bomba refu la kiwanda na ule mlima mweusi wa masazo. Mto Lubumbashi unapita kando ya mji, unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inamwaga ziwa Mweru. Shaba iliyoyeyuka hapa ina safari ndefu mbele yake, isipokuwa kama kuna kitu njiani kinaishika mkono.

28 Septemba

Mchanga. Magunia mawili kutoka kwa wachimbaji wa mtoni, safari mbili za kinga (baiskeli), jua kali.

Papa mmoja anayechimba pale aliniuliza, "Mwalimu, unataka wa juu ao wa chini?" Sikujua kuna wa juu na wa chini. Akazamisha koleo hadi mpini, akainua bonge zima bila kulivunja, akaliweka miguuni pangu kama mtu anayekata mkate. Vidole viwili vya juu vilikuwa rangi ya biskuti. Chini yake mstari wa kahawia, mwembamba, rangi ya kutu. Kisha mweusi tititi, na harufu ya yai lililooza ikapanda. "Wa chini mafundi hawautaki," akasema. Nikamwambia mimi nautaka wote, kwa mpangilio huohuo. Akacheka sana. Kupanga nimeshindwa, umefika nyumbani umechanganyika.

Hatua chache kutoka pale, mama mmoja alikuwa amefukua kishimo mchangani, mbali na maji kama hatua moja, na anachota kwa kikombe maji masafi kuliko ya mtoni. Nilimsalimu, nikamuuliza kwa nini asichote mtoni. "Mchanga unayachuja, papa." Ni kweli, tope unalichuja. Kilichoyeyuka je? Jibu la mdomoni ninalo, ila mfereji tumeujenga ili lisibaki la mdomoni.

4 Oktoba

Jaribio la kwanza limeharibika.

Hesabu kwanza, maana tutairudia kila mara. Kopo la lita moja lililojaa mchanga mkavu lilimeza mililita 380 za maji kabla ya kufurika. Mchanga uliomo mferejini, sentimita 12 kwenda chini, ni lita 43, kwa hiyo kati ya punje zake mna maji lita 16 hivi. Juu yake, pamoja na ndoo ya pompi, kuna lita 30. Tukitia chumvi ya kupikia gramu 60 kwenye maji ya juu, kipimo cha upitishaji umeme kinapanda kutoka 300 ya maji ya bomba hadi 4,100, kwa mikrosimensi. Pompi inayazungusha maji yaleyale. Kadiri chumvi inavyoingia mchangani, namba inashuka. Ikienea kote, juu na chini, itatua karibu 2,760. Kwa hiyo namba moja tu inatuambia lita ngapi za mto wa chini zimeshajiunga na mto wa juu.

Chumvi tumeichagua kwa sababu kloridi iliyomo ndani yake haina urafiki na punje. Inakwenda maji yanakokwenda.

Jioni 3,900. Vizuri. Kesho yake saa tisa mchana: 4,050. Mpwa wangu: "Mjomba, chumvi inarudi!" Nusura niandike nadharia. Kisha nikaona mstari wa maji kwenye kioo umeshuka milimita tano. Ni Oktoba, jua la Katanga limekunywa karibu lita mbili na kutuachia chumvi yake.

8 Oktoba

Sasa tunafunika kwa shitingi na kurudishia maji hadi mstari wa kalamu kila baada ya saa mbili, usiku kwa zamu. Mchanga umesawazishwa kwa ubao, laini kama meza. Baada ya saa 24: 3,790. Maana yake lita 2.7 tu kati ya 16 zimejiunga.

Pompi ni ile ndogo ya volti 12 ya kuhamishia mazutu (dizeli), mpya kabisa, inaishi kwa betri ya gari na bamba la jua. Umeme wa mji tuliuacha baada ya kukatika mara tatu Jumatatu.

11 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote mpaka sasa.

Tumevunja ule usawa. Kwa kipande cha ubao tumechonga mawimbi ya mchanga, kama yale unayokanyaga mtoni: urefu wa kwenda juu sentimita 2, kutoka kilele hadi kilele sentimita 15, mgongo wa taratibu upande maji yanakotoka, mteremko mkali upande wa pili. Maji yaleyale, chumvi ileile, kasi ileile ya kama sentimita 10 kwa sekunde.

Saa 24: 3,080. Lita 11.

Kutoka lita 2.7 hadi 11 kwa kuchonga mchanga kwa mkono! Sababu yake iko kwenye mgandamizo. Maji yanapogonga mgongo wa wimbi yanausukuma kidogo. Nyuma ya kilele msukumo unapungua. Tofauti hiyo inayaingiza maji mbele na kuyatoa nyuma. Watafiti Elliott na Brooks waliiwekea fomula mwaka 1997, na kwa vipimo vyangu inatoa msukumo wa robo ya milimita ya maji. Robo! Unene wa kucha. Lakini mchanga ni mvumilivu na usiku ni mrefu. Bila msukumo huo, chumvi ikiachiwa isambae yenyewe kwa mtawanyiko tu, kushuka sentimita 10 ndani ya mchanga kungeichukua kama miezi miwili.

Halafu rangi. Mpwa wangu alijaza sindano kwa rangi nyekundu ya chakula, akaichoma mchangani ubavuni mwa kioo, nukta tano kwenye mgongo wa wimbi moja. Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Dakika kumi hakuna kitu. Kama nusu saa hivi, nukta nne zimerefuka kuwa vijimkia, vinajipinda kushuka chini na kuinuka tena kuelekea nyuma ya kilele, kama fomula inavyotaka. Ya tano, ile iliyokuwa chini kabisa ya mgongo, ilikuwa inarudi nyuma. Mto unakwenda kushoto, nukta inakwenda kulia. Nilidhani nimeona vibaya, nikaweka alama ya kalamu kwenye kioo. Saa mbili baadaye ilikuwa imeipita alama kwa upana wa kidole gumba, ikatokea nyuma ya wimbi lililotangulia.

Na inaeleweka. Mgandamizo mkubwa uko katikati ya mgongo, na maji yaliyo mchangani yanaukimbia kwenda pande zote, hata upande mto unakotoka. Yale ya chini hayana habari kwamba juu yao maji yanakwenda Kafubu. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona kitu hicho, na mama watoto aliyekuja kuangalia alisema tu, "Kumbe mto una kichwa kigumu."

13 Oktoba

Tumemwaga maji yote ya juu na kutia masafi, 300. Mchanga hatukuugusa. Saa moja baadaye: 540. Asubuhi: 870. Chumvi ambayo haimo tena mtoni inaendelea kutoka.

Huo ndio mkia. Bencala na Walters waliueleza mwaka 1983 kwa kijito cha California, Uvas Creek: walitia kloridi, wakaona haipiti yote kwa pamoja na mkondo mkuu, nyingine inajificha kwenye vidimbwi na changarawe na kutoka ikichelewa. Mtu anayepima mto siku ya tatu baada ya kumwagwa kitu juu huko, anapima mkia huo, na hajui kichwa kilikuwa kikubwa kiasi gani.

18 Oktoba

Tope. Lita mbili za uji wa tope la mtoni, zimemwagwa juu ya mawimbi usiku, pompi imezimwa, asubuhi kuna ngozi ya kijivu ya milimita tatu hivi. Saa 24: 3,910. Tumerudi kwenye lita 1.6.

Hapa mwenye sheria ni Darcy, mhandisi wa maji wa Dijon, mwaka 1856: maji yanayopita mchangani yanafuata mteremko wa msukumo, mara uwezo wa mchanga kupitisha. Uwezo huo ndio unaoruka ngazi. Kutoka mchanga hadi mfinyanzi unashuka mara elfu na zaidi. Milimita tatu za tope zimefunga mlango uliokuwa wazi kwa sentimita 12 zote. Nikafikiria mashimo ya wachimbaji na mvua ya kwanza inayoosha barabara zote za Katuba kuingia mtoni.

Siku mbili zinazofuata: kuosha mchanga. Sitaandika.

2 Novemba

Shaba. Fuwele za buluu za salfati ya shaba, gramu 6 kwa lita 30, maana yake miligramu 51 za shaba kwa lita. Ni nyingi mno kuliko mto wowote ninaoutaka, lakini kipimo changu ni jicho: tone la amonia likikuta shaba linatoa buluu iliyokolea, ninailinganisha na chupa nilizochanganya mwenyewe. Chini ya miligramu kama 10 kwa lita sioni kitu kwa uhakika.

Ndani ya saa moja maji ya mferejini yamekuwa na ukungu wa kijani na buluu imefifia kabisa. Mpwa wangu akaanza kuandika, "Mchanga umeshika shaba yote." Nikamwambia aende akaangalie ndoo ya shahidi, ile isiyo na mchanga hata punje. Nayo ukungu. Maji yetu ya bomba ni magumu, yana kabonati tele, yakikutana na shaba yanaigeuza punje za kijani jamaa ya malakaiti, na zinazama. Mchanga haukufanya lolote. Bila ile ndoo ya falanga mbili ningekuwa nimeandika uongo mzuri.

9 Novemba

Mvua imeanza kweli. Tunakinga chini ya mabati kwenye mapipa, baada ya kuacha dakika za kwanza zioshe vumbi. Kwenye maji ya mvua, ndoo ya shahidi inabaki buluu siku nzima. (Mabati yanatoa zinki kidogo, najua.)

Mfereji mzima unakula maji mengi, kwa hiyo shaba nimeihamishia kwenye chupa: mbili za plastiki, zimekatwa matako, zimepinduliwa, pamba mdomoni, lita moja ya mchanga kila moja. Ya kwanza mchanga ulioshwa mpaka maji yakatoka meupe. Ya pili mchanga kama ulivyotoka mtoni, na tope lake, na vipande vya majani. Juu tunamimina maji ya mvua yenye chumvi na shaba pamoja, chini tunapokea kwa vikombe.

Chumvi ilitokea kwenye chupa zote mbili baada ya mililita 400 hivi, mara tu maji ya zamani yalipokwisha kusukumwa nje. Buluu ilitokea kwenye mchanga ulioshwa baada ya kiasi hicho mara tatu. Kwenye mchanga mchafu tulimimina mara kumi na mbili, pipa likaisha, na kikombe cha mwisho kilikuwa cheupe kama cha kwanza. Wameingia mlango mmoja, mmoja ametoka, mwenzake bado yuko ndani.

Anayemshika ni nani? Mfinyanzi una chaji hasi usoni, shaba iliyoyeyuka ina chaji chanya. Majani yaliyooza yanaishika shaba kuliko metali nyingi. Na zile ngozi nyembamba za oksidi ya chuma na manganizi juu ya punje, rangi ya kutu na ya masizi, zinashika kwa nguvu. Wahandisi wanaiweka kwenye namba moja, ya kuchelewa: moja, jumlisha uzito wa lita ya mchanga ukigawanywa kwa uwazi wake, mara mgawo wa kunata, yaani shaba iliyonata kwenye kilo ya mchanga ikigawanywa kwa iliyobaki kwenye lita ya maji. Mchanga wa kilo 1.6 kwa lita, uwazi wa 0.38, mgawo wa lita 5 kwa kilo: inatoka 22. Maji yakitembea mita 22, shaba imetembea moja.

16 Novemba

Siki. Chupa chafu, iliyokaa wiki nzima na shaba yake, tumeimiminia maji ya mvua yenye siki. Kikombe cha tatu, amonia (nyingi, maana siki inaila kwanza), buluu. Cha nne buluu kali. Kilichoshikwa kimeachiwa. Asidi imechukua viti vyote usoni mwa punje.

Maji yote ya shaba yanaingia kwenye bidoni moja yenye majivu na chokaa, hayaendi kwenye mfereji wa barabara. Samaki na konokono hawahitaji shaba nyingi kufa.

6 Desemba

Mfereji mkubwa umekuwa ukizunguka wiki kadhaa bila kuguswa, na mchanga mchafu ndani. Leo nilifuta kioo kwa kitambaa na nikasimama pale muda mrefu.

Bonge la yule papa limejijenga upya lenyewe. Juu ngozi ya biskuti, kisha kutu, kisha weusi. Lakini mipaka haijalala sawa. Chini ya mgongo wa kila wimbi kahawia imeshuka ndani kama ulimi, sentimita tatu, nne. Nyuma ya kilele weusi umepanda hadi karibu na uso. Ni ramani ileile ya nukta nyekundu za Oktoba, safari hii imechorwa na vijidudu. Maji yanapoingia yanaleta oksijeni. Vijidudu vinaimaliza njiani vikila majani, kisha vinahamia kwenye nitrati, manganizi, chuma, mwisho salfati, na salfati ndiyo inayotoa harufu ya yai na weusi wa salfaidi ya chuma.

Na hapa shaba inaachana njia na kobalti, metali inayochimbwa huku pamoja nayo. Kobalti inapenda oksidi ya manganizi. Oksijeni ikiisha oksidi hiyo inayeyuka na kobalti inaachiwa huru kwenye maji. Shaba ikifika kwenye weusi inakutana na salfaidi na kufungwa imara. Pinal Creek huko Arizona, bonde la machimbo ya shaba kama sisi, Harvey na Fuller walionyesha mwaka 1998 kwamba vijidudu vya sakafu ya mto vinaipa manganizi iliyoyeyuka oksijeni na kuigeuza ngozi nyeusi juu ya changarawe. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kobalti, nikeli na zinki nazo zinanaswa humohumo. Mto ulikuwa unajisafisha, kwa kiasi, pale tu maji yalipopata nafasi ya kuingia chini na kutoka.

Mpwa wangu alichota kijiko cha weusi, akakikoroga kwenye glasi ya maji na kuiacha wazi. Jioni ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Salfaidi ikipata hewa inavunjika, na ilichofunga kinafunguka. Nilimkumbuka papa na koleo lake, anageuza mita ngapi za weusi kwa siku. Kipimo cha jicho hakifiki huko.

14 Desemba

Mtoni leo, chini ya mwavuli. Maji yamepanda, rangi ya matofali, wachimbaji wamekaa. Kishimo cha yule mama kimezama, amefukua kingine juu zaidi, na maji yake bado ni masafi. Nilimwomba nichote chupa moja, akasema, "Chota papa, si maji ya mtu."

Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa shaba kwenye maji ya kunywa kwa miligramu 2 kwa lita. Jicho langu linaanzia 10. Kwa hiyo chupa hizi mbili haziwezi kuamuliwa na amonia. Tumezichuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, kipimo ambacho wanakemia wamekubaliana kuita kilichopita humo "kilichoyeyuka", na kutia matone machache ya asidi ya nitriki, kwa sababu bila hayo metali hunata hata kwenye plastiki ya chupa, na maabara ingepokea maji ambayo shaba yake imebaki ukutani.

Mpwa wangu ameziandika kwa kalamu isiyofutika. Moja: MTONI. Nyingine: KISHIMONI. Ziko kwenye friji, nyuma ya sufuria ya sombe, na mama watoto ameuliza mara mbili zitaondoka lini.